MAMA, WAKIKUTUMA KWA MUNGANGA WA KUKANDA

Mama mumoja alikuja kwa kiliniki akishika kiuno. Alikuwa amezaa miezi mitatu iliyopita. Mutoto alikuwa muzuri na munene, lakini mama mwenyewe hakuweza kuinama hata kufagia kiwanja. Munganga alimupima, akamuandikia karatasi ya kwenda kwa chumba cha masaji. Mama akaikunja, akaifunga kwa pembe ya kikwembe, akaaga. Nyuma ya miezi miwili akarudi, angali anashika kiuno, na karatasi ilikuwa ile ile, imekunjwa ginsi ile ile. Tulipomuuliza sababu, alicheka kidogo akaangalia chini. "Munganga, munisamehe. Niliogopa. Sikujua watanivua nguo mbele ya nani."

Hatukumukaripia. Kosa lilikuwa letu, sababu tulimupa karatasi bila kumueleza neno lolote. Njo maana tumeandika mafundisho haya. Kama unayasoma mwenyewe, vizuri. Kama mutoto wako wa shule anakusomea jioni, vizuri vilevile, isipokuwa sehemu moja huko katikati ambayo utapenda kuisoma peke yako.

Huyu munganga ni nani?

Kukanda si neno jipya kwetu. Kila mama wa Bunia, awe wa Mudzipela ao wa Saio, anajua koko fulani wa kartiye yake mwenye mikono mizuri. Koko huyo anakanda muguu ulioteguka, anakanda mama aliyezaa kwa maji ya moto, anakanda na watoto. Kule pwani, Mombasa na Zanzibar, iko desturi kama hiyo: mama aliyezaa anapumzishwa siku 40, anakandwa kwa maji ya moto na kufungwa tumbo kwa nguo. Hatusemi kwamba desturi hizi zote ni mbaya. Mikono ya mutu anayekupenda inatuliza. Lakini nyingine ziko na hatari, na tutazitaja bila kuficha.

Mutu wa hospitali anayefanya kazi hii anaitwa kinezi-terapeti. Wengi wanasema "kine" tu. Amesoma mifupa, misuli na mishipa, anajua pahali pa kugusa na pahali pa kuacha. Tena kazi yake si kukanda peke yake. Anamufundisha mutu aliyevunjika muguu kutembea tena, anasaidia mutoto aliyechelewa kukaa, na anaweza kukuonyesha ginsi ya kuinua bidoni bila kujiumiza. Kwa hiyo usishangae kama siku ya kwanza hakukandi sana. Wamama wengine wanatoka wakikasirika: "Nimelipa, na yeye ananiuliza maulizo tu!" Mama, maulizo yale ni nusu ya kazi. Tutaona baadaye ni kwa sababu gani.

Mbele ya kuja

Oga kwa maji na sabuni ginsi unavyooga kila siku. Hakuna haja ya marashi wala nguo ya Kristmasi. Leta vikwembe viwili, kimoja cha kujifunika na kimoja cha kulalia. Kama unanyonyesha, ongeza kitambaa kidogo, maana ukilala kifudifudi maziwa yanaweza kutoka yenyewe. Hilo linapata kila mama, usisikie haya. Usile sahani nzima ya bugali na sombe ukaja mara moja. Tumbo iliyojaa haipendi kulaliwa. Kula kidogo, kunywa maji, na uende chooni mbele ya kuingia.

Kama uko katika siku zako za mwezi, unaweza kuja. Umuambie tu munganga.

Mutoto mudogo umulete. Munyonyeshe kwanza kule inje, kisha umupe ndugu yako amushike. Ndiyo, njoo na mutu: dada, mama mukwe, rafiki, jirani. Bwana wako akitaka kuja, aje. Leta na fishi yako ya kiliniki na dawa zote unazomeza, hata zile za miti. Malipo yanalipwa pahali pa malipo, na unapewa karatasi. Hakuna malipo mengine ndani ya chumba.

Kama uko na homa, ao vipele vipya vya ngozi, usiende moja kwa moja kwa masaji. Pita kwanza kwa munganga wa kupima. Sisi wa Ituri tulijifunza neno hilo kwa uchungu wakati wa Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020, wakati kila mulango wa Bunia ulikuwa na ndoo ya maji ya kunawa. Ile tabia ya kunawa ibaki. Kine atanawa mikono mbele ya kukugusa, na kama amesahau, unaweza kumukumbusha. Hatakasirika, na akikasirika ni juu yake.

Ndani ya chumba

Utakuta kitanda kirefu chembamba, pazia, kiti, na chupa ya mafuta ao vaselini. Kine atakukalisha na kuanza maulizo. Maumivu yalianza lini? Yanapanda ao yanashuka kwa muguu? Umezaa mara ngapi, na ulizaa kwa njia ya kawaida ao kwa operasyo? Uko na mimba? Unabeba nini, na unabeba namna gani? Usiku unalala? Jibu kweli, hata kama kweli haipendezi. Mama anayesema "nilianguka kwa ngazi" wakati alipigwa, anaweza kukandwa pahali ambapo ubavu umevunjika. Ukitaka kusema neno ambalo dada yako asilisikie, omba atoke kidogo.

Kisha atakuomba usimame, uinamie mbele, utembee kwa visigino, utembee kwa vidole. Wamama wengine wanacheka wakati huu, na sisi tunacheka nao. Lakini kwa mutembeo ule kine anaona kama mishipa inayotoka mugongoni iko muzima.

Sasa tufike kwa lile neno la nguo. Kine anahitaji kuona pahali panapouma, si mwili wote. Ikiwa ni mugongo, utavua blauzi na kufungua sutie, utajifunika kifua kwa kikwembe, na kikwembe kingine kitabaki kiunoni. Ikiwa ni muguu, muguu ule mumoja unaonekana, wa pili unafunikwa. Nguo ya ndani haitoki. Wakati unajitayarisha, yeye anangoja ngambo ya pazia. Shanga za kiunoni haziko na shida. Utaombwa kuzisogeza tu kama ziko pahali pa kukanda. Na kovu yako ya operasyo, na tumbo iliyolegea nyuma ya watoto sita, na mistari ya ngozi: amekwisha kuyaona yote kwa mamia ya wamama. Hayamushangazi.

Kama kine ni mwanaume nawe unataka mwanamuke, sema hivyo mapema, wakati wa kuandikwa. Kama hakuna mwanamuke siku hiyo, mutu wako akae ndani pamoja nawe, na mulango usifungwe kwa ufunguo. Hii si kiburi. Ni haki ya kila mugonjwa.

Masaji ya mugongo haigusi matiti wala sehemu za siri. Hata kidogo. Yako magonjwa mengine, kama vile kutokwa na mukojo bila kujua nyuma ya kuzaa, ambayo munganga anahitaji kupima sehemu za ndani. Lakini hapo anakueleza kwanza, anangoja ujibu ndiyo, anavaa gan, na mutu wa tatu anakuwa ndani ya chumba. Pasipo mambo hayo manne, simama, vaa nguo, toka, na umuambie mukubwa wa wauguzi. Wengine wanaogopa kuharibu jina la hospitali. Mama, anayeliharibu ni yule aliyekugusa vibaya, si wewe unayesema.

Kwa kulala, uko na njia nyingi. Asiye na mimba anaweza kulala kifudifudi, na muto mudogo chini ya tumbo. Mama mwenye mimba iliyokua analala kwa ubavu, zaidi ubavu wa kushoto, na muto kati ya magoti. Akilala chali, nyumba ya mutoto inakandamiza mushipa mukubwa unaorudisha damu kwa moyo, kisha kichwa kinazunguka na jasho linatoka. Ukisikia hivyo, geuka mara moja, usingoje ruhusa. Na mwenye hofu ya kulala anaweza kukaa tu kwa kiti, akiegemea kitanda kwa mikono.

Maumivu yakiwa mengi, useme. Kwa chumba cha masaji hakuna zawadi ya uvumilivu. Sisi tunatumia vidole: kidole kimoja ni maumivu kidogo, vidole vitano ni maumivu ya kupiga kelele. Kukanda kuzuri kunafika vidole viwili, pengine vitatu, kisha kunashuka. Mazungumuzo yanaweza kuwa hivi:

"Mama, naweza kugusa hapa juu ya kiuno?"

"Ndiyo, munganga, lakini polepole."

"Sasa ni vidole vingapi?"

"Aa, hapo ni vine! Acha kwanza."

"Nimeacha, mama. Tupumue kidogo."

Unaona? Neno "acha" ni lako tangu mwanzo mpaka mwisho, na hauhitaji kutoa sababu. Kama anaendelea nyuma ya kusikia "acha", shuka kwa kitanda.

Masaji yenyewe inachukua dakika 20 ao 30. Utasikia joto, pengine usingizi. Wengine tumbo inanguruma, wengine wanatoa upepo, wengine machozi yanatoka bila sababu wanayoijua. Hayo yote ni kawaida. Kesho yake unaweza kusikia misuli inauma kama mutu aliyelima siku ya kwanza ya mvua; itapita kwa siku moja ao mbili. Ikizidi siku tatu, ao ikianza kushuka kwa muguu, rudi.

Sehemu ya kusoma peke yako

Ituri yetu iliona vita tangu 1999 mpaka 2003, na tena tangu mwisho wa mwaka 2017. Nyankunde, pale ambapo misioni mbalimbali zilijenga hospitali kubwa pamoja katika miaka ya 1960, palishambuliwa tarehe 5 Septemba 2002, na watu wengi waliuawa, hata wagonjwa. Wamama wengi wanaokaa leo kwa bango ya kiliniki walikimbia mara moja, mara mbili, mara tatu. Na kati yao kuna waliokamatwa kwa nguvu.

Mwili unakumbuka. Mama anaweza kuwa na bwana muzuri, watoto na shamba, akafikiri mambo yale yamekwisha, kisha mukono wa mugeni unamugusa mugongo na moyo unaanza kupiga mbio. Anatoka jasho. Anataka kukimbia. Ao kinyume: anakuwa kama hayuko pale, hasikii kitu, kama mutu anayeangalia mwili wa mutu mwingine. Si wazimu, na si uzaifu. Ni ginsi mwili ulivyojifunza kujilinda.

Kama uko mumoja wao, hauhitaji kuhadisia mambo yako kwa kine. Sema tu hivi: "Munganga, sipendi kuguswa bila kuambiwa kwanza." Inatosha. Mutapatana pamoja: ukae badala ya kulala, uone uso wake, pazia ibaki wazi upande wa ndugu yako, siku ya kwanza akande mikono ao miguu tu. Na kama hata hivyo ni vigumu, achana na masaji. Yako mazoezi ambayo unayafanya mwenyewe bila mutu kukugusa, na kwa maumivu ya mugongo mazoezi hayo yanasaidia kwa muda mrefu kuliko kukandwa. Hautapoteza kitu.

Neno lingine hapa hapa, maana hatujui nani atasoma. Mama ao binti akikamatwa kwa nguvu, afike hospitali mbele ya saa 72, ni kusema siku tatu, kusudi apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kusaidia mpaka siku ya tano, lakini ikimezwa mapema ni bora. Siku zikiwa zimepita, aje vilevile. Kuna kazi nyingine ya kufanya.

Wakati ambapo hupaswi kukandwa, hata na mutu anayejua

Hapa tutakaa kidogo, sababu hapa watu wanakufa.

Mama amezaa. Juma moja limepita, ao majuma matatu. Muguu mumoja unavimba, unauma kwenye nyama ya nyuma chini ya goti, una joto kuliko wa pili. Koko anasema, "Ni kukaa sana, leta mafuta nikukande." Mama, kataa. Wakati wa mimba na katika majuma sita nyuma ya kuzaa, damu ya mama inaganda kwa upesi kuliko siku zingine. Mwili unafanya hivyo kusudi asimalizike damu wakati wa kuzaa. Lakini pengine damu inaganda ndani ya mushipa mukubwa wa muguu, zaidi kwa mama aliyefanyiwa operasyo na kulala siku nyingi. Ukikanda, kipande kinaweza kutoka, kikapita na damu mpaka kwa mapafu. Mama anaanza kukosa pumzi gafla, kifua kinamuuma, anaweza kufa saa ile ile. Muguu mumoja uliovimba na kuuma unaenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa pikipiki, si kwa kutembea. Tunaogopa ugonjwa huu kuliko mengine yote ya ukurasa huu, maana unafanana kabisa na yale maumivu ambayo kila mutu anataka kuyakanda.

Miguu miwili ikivimba wakati wa mimba, na uso na mikono pia, na kichwa kinauma ao macho yanaona nyota, hiyo si kazi ya kine vilevile. Ni kupima tansyo ya damu, mara moja.

Halafu tumbo yenye mimba. Wako wanaoikanda kusudi "kunyoosha mutoto" ao kumugeuza. Tumbo hiyo isikandwe. Kondo ya nyuma, ile inayomulisha mutoto, imeshikamana na ukuta wa nyumba ya mutoto. Ikisukumwa kwa nguvu inaweza kubanduka, damu ikamwagika ndani bila kuonekana inje, na mutoto akakosa pumzi. Kwa mama aliyefanyiwa operasyo mbele, kovu inaweza kupasuka. Kweli, dokta anaweza kugeuza mutoto aliyekaa matako chini, lakini anafanya hivyo karibu na mwisho wa mimba, akisikiliza moyo wa mutoto, na chumba cha operasyo kiko karibu. Tofauti si nguvu za mikono. Tofauti ni kile kilicho nyuma ya mulango kama mambo yakiharibika.

Mugongo wa mama mwenye mimba, huo unaweza kukandwa polepole, akilala ubavu. Na wakati wa uchungu wa kuzaa, kukandwa chini ya kiuno ni musaada mukubwa. Shirika la Afya la Dunia, lile tunaloita OMS, lilitoa shauri mwaka 2018 kwamba mama anayependa akandwe na kuwekewa kitambaa cha joto kwa kupunguza maumivu, na kwamba awe na mutu aliyemuchagua mwenyewe kando yake. Mashauri yale yale yanakataza kusukuma tumbo ya mama kwa mikono kusudi mutoto atoke. Ukiona mutu anataka kupanda juu ya kitanda na kukusukuma tumbo kwa kiwiko, umukatalie.

Lakini usichanganye hilo na kazi ya mama muzalishaji nyuma ya kuzaa. Yeye anabonyeza chini ya kitovu, na inauma, tunajua. Anatafuta kama nyumba ya mutoto imekaza, ngumu kama embe bichi. Kama ni laini, damu itaendelea kutoka, na anaisugua mpaka ikaze. Usiondoe mukono wake. Umuombe akuonyeshe ginsi ya kuisikia mwenyewe, kusudi usiku, yeye akiwa kwa mama mwingine, uweze kumuita.

Maji ya moto nyuma ya kuzaa: kitambaa cha joto mugongoni, ndiyo. Pima joto kwa kiwiko kama vile unapima maji ya mutoto. Juu ya kidonda cha operasyo ao pahali palipopasuka chini, hapana. Tumewatunza wamama walioungua ngozi kwa mapenzi ya mama mukwe. Na ikiwa damu inatoka nyingi, ao inanuka, ao una homa, maji ya moto si dawa yake, ni hospitali.

Mwisho wa habari hizi za hatari ni mugongo usiopona. Maumivu yanayodumu miezi, yanayozidi usiku, na jasho, na mwili unakonda, pengine na nundu ndogo katikati ya uti wa mugongo: inaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwa mifupa. Munganga mumoja wa London, Percivall Pott, aliandika juu ya mugongo wa namna hii tangu mwaka 1779, na ungali upo. Ukikandwa unaweza kuvunjika na kuharibu miguu. Unaponeshwa kwa dawa za kifua kikuu zinazomezwa miezi mingi, si kwa mikono. Na kama miguu inakufa ganzi, ao mukojo unatoka bila kujua pamoja na maumivu ya mugongo, usingoje kesho.

Sasa umeona kwa sababu gani kine anauliza maulizo mengi.

Matiti na watoto

Titi likivimba na kuuma, watu wanalikamua na kulikanda kwa nguvu kama unga wa mandazi. Hiyo inaumiza nyama ya ndani na kuongeza uvimbe. Endelea kunyonyesha, weka kitambaa cha maji baridi nyuma ya kunyonyesha, pitisha mukono kwa upole tu. Ukisikia homa siku ya pili, kuja.

Mutoto muzima anapenda kupakwa mafuta na kupapaswa, na ni vizuri kwake na kwako. Lakini usimuvute mikono na miguu, usibonyeze utosi, usikamue matiti ya mutoto muchanga hata kama yamevimba. Yatapungua yenyewe, na ukiyakamua yanaweza kufanya usaha. Mutoto aliyezaliwa na muguu uliopinda ndani hatanyooka kwa kukandwa nyumbani. Umulete katika majuma ya kwanza, mifupa ikiwa ingali laini: anafungwa plasta inayobadilishwa kila juma, kisha viatu maalum. Na mutoto aliyechomwa sindano ya matako kisha muguu ukalegea, umulete mara moja kwa kine bila kungoja "upone wenyewe".

Nyumbani

Tuseme kweli: kine anaweza kukukanda leo, lakini kesho bidoni ingali pale. Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na wengi wanaiinua kwa kuinama kiuno, mutoto akiwa mugongoni. Hapo njo mugongo unaharibika. Piga magoti, ama kuchuchumaa, ivute karibu na tumbo, uinuke kwa nguvu za miguu. Bora zaidi ni bidoni mbili za lita 10, moja kila mukono. Mutoto apewe dada yake wakati unainua. Anayebeba kuni kwa kamba ya kichwani apunguze furushi na kurudi mara mbili. Tunajua kurudi mara mbili ni safari ndefu, na siku zingine njia si salama. Njo maana tunasema pia kwa wababa na vijana: bidoni haina jina la mwanamuke lililoandikwa juu yake.

Zoezi moja utafundishwa karibu kila mara. Lala chali juu ya mukeka, magoti juu, nyayo chini. Pumua, kaza tumbo kidogo, inua matako polepole, hesabu mpaka tano, shusha. Mara kumi asubui, mara kumi jioni. Aliyefanyiwa operasyo aanze na kupumua na kutembea tu, mpaka munganga aone kovu na kumuruhusu. Mara nyingi ni karibu na juma la sita.

Yule mama wa karatasi iliyokunjwa alikuja mara ya pili na dada yake. Alikaa kwa kiti, hakutaka kulala, na siku ile alikandwa mabega tu, akiwa na blauzi yake. Siku ya tatu alilala. Ilimuchukua majuma mengi, na alituambia bwana wake amenunua bidoni mbili ndogo.

Siku ya kurudi imeandikwa kwa fishi yako. Ulete vikwembe viwili vilevile. Mvua ikikuchelewesha, kuja tu. Utangoja kidogo, lakini utaingia.